Aliye mbali hurusha kwanza

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba unacheza gofu, jambo la kwanza atakalofanya ni kukutazama viatu. Hapa kwetu gofu ni mchezo wa wenye nazo. Ni mchezo wa klabu zenye ua mrefu na askari langoni, wa mikoba mizito inayobebwa na vijana wa watu, na wa mazungumzo ya biashara ambayo mimi na wewe hatualikwi. Kwa hivyo niliporudi kutoka Marekani mwaka 2023 na kuwaambia majirani zangu wa Umoja kwamba nimecheza gofu wiki sita mfululizo, waliangua kicheko. Mmoja aliniuliza kama mwanangu amekuwa tajiri.

Mwanangu hajawa tajiri. Gofu niliyoicheza haina fimbo, haina mpira, na pale nilipoichezea haikuwa na klabu wala kiingilio. Ni gofu ya visahani. Leo ningependa kukusimulia, msomaji wangu, jinsi inavyochezwa, na pia jambo ambalo mchezo huo ulilifanya katika jamaa yangu, jambo ambalo simu haikuweza kulifanya kwa karibu miaka minne.

Kwanza niondoe utata. Nikisema kisahani, wengi wenu mtakumbuka kile kisahani kizito cha mashindano ya riadha, kile ambacho mwalimu wa michezo alitukataza kukigusa asipokuwapo. Sicho hicho. Hiki ni cha plastiki, upana wake ni kama sentimita 21 na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 150 na 180. Ukingo wake ni mwembamba kuliko wa vile visahani ambavyo watoto hurushiana ufuoni, na ndiyo maana hupasua hewa na kwenda mbali.

Badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma kilichosimamishwa juu ya mlingoti. Juu ya kikapu huning'inia minyororo. Kisahani kikigonga minyororo hupoteza nguvu na kuangukia ndani, kwa sauti kama ya mtu aangushaye shada la funguo mezani. Unasimama kwenye sakafu ndogo ya saruji, unarusha, unatembea hadi pale kisahani kilipoanguka, unarusha tena kutoka hapo, na kuendelea hivyo mpaka kiingie kikapuni. Idadi ya mirusho ndiyo alama yako, na mwenye mirusho michache zaidi baada ya vikapu vyote ndiye mshindi. Viwanja vingi vina vikapu 9 au 18. Vingi vya vikapu hivyo mchezaji mzuri hutarajiwa kuvimaliza kwa mirusho mitatu. Mimi siku ya kwanza nilitumia minane, na hicho kilikuwa kikapu rahisi.

Sasa nikueleze nilifikaje huko. Mwanangu aliondoka nchini mwaka 2012 kwenda kusoma. Alipomaliza masomo alioa, akapata kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, akahamia mji mmoja mdogo katika jimbo la Iowa, kando ya Mto Cedar. Jina la mji huo nitaliacha, kwa sababu yeye si mtu wa kupenda mambo yake yaandikwe gazetini. Wakazi wake hawafiki elfu nane. Una barabara moja ya maduka, makanisa mengi, matangi ya nafaka yaliyo marefu kuliko jengo lolote lile, na mashamba ya mahindi na soya yanayoanzia pale nyumba zinapokwisha. Matatu hakuna. Asiye na gari huko ni kama mtu asiye na miguu.

Mto Cedar huanzia jimbo la Minnesota, ukateremka kuelekea kusini-mashariki, ukapita miji ya Waterloo na Cedar Rapids, kisha ukaungana na Mto Iowa unaomwaga maji yake katika Mississippi. Nilipouona mara ya kwanza niliukumbuka Mto Yala baada ya mvua: mpana, wa kahawia, usio na haraka, lakini ukiutazama kwa makini unaona jinsi unavyobeba vigogo vizima bila taabu.

Nilikwenda huko nikiwa na mzigo ambao haukupimwa kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Mke wangu alifariki Novemba 2019, na tukamzika nyumbani Vihiga. Mwanangu, ambaye ndiye kifungua mimba wetu, hakuja. Wakati huo makaratasi yake ya ukaaji yalikuwa bado yanashughulikiwa, na wakili alimwonya kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kurudi. Alikuwa na mke na mtoto wa miaka minne. Basi akatazama mazishi ya mama yake kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake juu ya vichwa vya waombolezaji, na kabla jeneza halijateremshwa, mtandao wa kijijini ukakatika.

Sihitaji kukueleza maneno yaliyosemwa na watu wa ukoo. Kwetu, nafasi ya kifungua mimba kaburini haijazwi na mtu mwingine kimya kimya. Mimi sikumlaumu, maana nilijua hali yake, lakini pia sikuwa na la kuwajibu wazee. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu kwa simu yakawa mafupi. "Habari za huko, Baba?" "Njema. Mvua imenyesha. Na huko?" "Baridi tu." Kisha kila mtu anamsubiri mwenziwe akate simu. Kuna maneno ambayo hayapiti katika simu, hata ikiwa ina salio la kutosha.

Aliponitumia tikiti ya ndege nilijua kwamba anataka tuzungumze. Nilipofika nikagundua kwamba hata ana kwa ana hatukujua tuanzie wapi. Yeye hufanya kazi usiku na kulala asubuhi. Jioni tulikaa sebuleni tukiitazama televisheni kana kwamba ndiyo iliyotualika.

Aliyetutoa ndani ni mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: Babu, ugali na haraka. Jumamosi moja alinishika mkono, akanitia kisahani cha rangi ya machungwa kiganjani, akasema, "Babu, haraka!"

Uwanja wenyewe uko kando ya mto, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Una vikapu 18. Vya kwanza viko uwandani, vya katikati vimefichwa msituni, na kuanzia cha 12 hadi cha 15 unafuata ukingo wa mto, maji yakiwa upande wako wa kushoto. Hakuna lango, hakuna tikiti, hakuna mtu wa kukuuliza unatafuta nani. Pale mwanzoni kuna ubao wenye ramani, na sanduku ambamo watu huweka visahani vilivyookotwa ili wenyewe wavichukue. Kila mchezaji huandika namba yake ya simu chini ya kisahani chake kwa wino, na ajabu ni kwamba anayekiokota hupiga simu.

Nilipokuwa nikitembea kuelekea kikapu cha nne niliona ngazi tatu za saruji zinazopanda kwenda pasipo na kitu. Mbele yake palikuwa na miti mikubwa iliyopangwa kwa mstari, kama ile ipandwayo mbele ya nyumba. Nikamwuliza mwanangu, "Hapa palikuwa na nini?"

"Nyumba za watu, Baba. Hapa palikuwa mtaa."

Ndipo aliponieleza, nami baadaye nikasoma zaidi katika maktaba ya mji. Mwaka 1993 mito ya eneo hilo la kati ya Marekani ilifurika kwa miezi kadhaa, mashamba na miji ikazama. Baada ya hapo serikali yao ilipitisha sheria iliyoongeza fedha za kununua nyumba zilizo katika njia ya mafuriko. Mwenye nyumba akikubali, hulipwa, nyumba hubomolewa, na kiwanja hicho hakiruhusiwi tena kujengwa nyumba. Ni lazima kibaki wazi daima: malisho, msitu, bustani au mahali pa michezo. Mwaka 2008 Mto Cedar ulirudia. Tarehe 13 Juni mwaka huo, huko Cedar Rapids, maji yalipanda hadi futi 31, yaani zaidi ya mita tisa, na zaidi ya maili kumi za mraba za mji zikawa chini ya maji. Baada ya mafuriko hayo mji huo ulinunua zaidi ya majengo elfu moja yaliyoharibika.

Sasa miji ina ardhi ambayo haiwezi kujengwa. Ifanyiwe nini? Uwanja wa mpira huharibiwa na tope. Uwanja wa tenisi hupasuka. Lakini kikapu cha chuma kwenye mlingoti hakijali. Maji yakija hupita katikati ya minyororo, yakiondoka, watu hupangusa tope, hukata majani, na mchezo unaendelea. Isitoshe, gofu ya visahani haihitaji nyasi zinazonyweshwa maji wala miti kukatwa. Mti ukiwa njiani, mti huo ni sehemu ya mchezo. Ndiyo sababu moja wapo ya kuona vikapu hivi kando ya mito mingi ya huko, na Iowa ni miongoni mwa majimbo yenye viwanja vingi ukilinganisha na idadi ya watu. Duniani kote sasa viko zaidi ya 15,000, na sehemu kubwa yake havitozi chochote.

Mwalimu wangu alikuwa mjukuu. Mimi niliyefundisha shule ya msingi kwa miaka 34 nilisimama nikapangwa miguu na mtoto wa darasa la pili. Nilidhani nitarusha kama tulivyorusha mawe kuangusha maembe utotoni. Hapana. Kisahani hakitaki nguvu za bega peke yake. Unakishika ukingoni, unakivuta kupitia kifuani kama mtu anayefungua pazia, kiuno kikageuka, na unakiachia kikiwa kimelala sawa. Kinachokibeba hewani ni kule kuzunguka kwake. Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia kwa namna hiyo, kisahani kinapoanza kuchoka hushuka kikielekea kushoto. Upepo ukikujia usoni, hujaribu kwanza kupinda kulia na kupaa. Upepo ukitoka nyuma, hukishusha mapema. Kwa hivyo wachezaji hubeba vya aina tatu: chembamba ukingoni kwa ajili ya kwenda mbali, cha kati kwa ajili ya kulenga, na kinene kwa ajili ya kutia kikapuni.

Pale mtoni elimu hiyo ni ghali. Maji yako kushoto, nacho kisahani hupenda kushoto. Ukitaka kifike salama, unakirusha upande wa kulia wa kikapu na kukiamini kwamba kitarudi. Kikiingia majini unaongezewa mrusho mmoja, na pengine kisahani chenyewe usikione tena. Wiki ya kwanza Mto Cedar ulinila visahani viwili. Mjukuu alisimama ukingoni akavipungia mkono wa kwaheri.

Mchezo huu una adabu zake, nazo zilinifurahisha kuliko ushindi. Mtu anaporusha, wengine hunyamaza na kusimama nyuma yake. Hurushi ikiwa kuna watu mbele ambao kisahani kinaweza kuwafikia. Unangoja wamalize, hata kama wanatambaa. Kila kikundi kikiwa na kasi kuliko kilicho mbele hupishwa. Na baada ya mrusho wa kwanza, aliye mbali zaidi na kikapu ndiye hurusha kwanza. Walio karibu humngoja.

Katika muda wa wiki mbili niliwajua watu wa mji ule kuliko kama ningekaa mwaka mzima sebuleni. Nilicheza na fundi wa matrekta, na mhubiri, na wanafunzi waliochorwa chale za rangi hadi shingoni lakini wakiniita "bwana" kwa heshima, na mama aliyesukuma kigari cha mtoto kwa mkono mmoja na kurusha kwa mwingine. Mzee mmoja aliyenizidi umri alikuwa na kisahani kimoja tu, na alinishinda kila mara.

Historia ya mchezo huu nayo ni ya watu wa kawaida. Mwaka 1937 kijana mmoja wa California, Walter Frederick Morrison, alikuwa akirushiana na mchumba wake kifuniko cha mkebe wa bisi. Mwaka uliofuata walikuwa wakirushiana sahani ya kuokea keki ufuoni, mpita njia akataka kuinunua kwa senti 25. Dukani sahani hiyo iliuzwa senti tano. Morrison akaona biashara. Baadaye alitengeneza kisahani cha plastiki, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza. Mfanyakazi mmoja wa kampuni hiyo, Ed Headrick, alikiboresha ili kitulie hewani, kisha akaacha kazi na kujitosa katika gofu ya visahani. Uwanja wa kwanza aliouanzisha ni wa Oak Grove huko California, mwaka 1975. Mwanzoni walilenga milingoti mitupu, na ubishi ukawa mwingi: kimegusa, hakijagusa. Ndipo alipobuni kikapu chenye minyororo, na mwaka 1976 akaanzisha chama cha wachezaji ambacho kipo hadi leo.

Habari za huyu Headrick ndizo zilizotufungua midomo.

Ilikuwa Jumapili alasiri mwezi wa Juni, kwenye kikapu cha 14. Kikundi kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kikitafuta kisahani majanini, nasi tukangoja. Mjukuu alikuwa ametangulia kando ya maji akitupa vijiti. Mwanangu akasema, akiwa anautazama mto, "Baba, unajua mzee aliyebuni kikapu hiki alizikwa vipi?"

"Vipi?"

"Hakuzikwa. Alifariki mwaka 2002, na majivu yake yakachanganywa na plastiki, yakatengenezewa visahani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo."

"Sasa watu wanamrusha?"

"Wengine wanamrusha. Wengine wamemweka sebuleni."

Nilicheka, naye akacheka, maana kwa mtu wa Vihiga hilo ni jambo la kuambiwa ukiwa umeketi. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyetafuta televisheni.

"Siku ya Mama nilikuwa hapa," akasema.

Akaniambia kwamba saa nane mchana kule kwetu, saa ya mazishi, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri kwao. Simu ilipokatika alijaribu kupiga mara nyingi, ikakataa. Hakutaka kumwamsha mtoto kwa kilio. Akaingia ndani ya gari, akaja hapa, akangoja kupambazuke. Ardhi ilikuwa imeganda kwa barafu. Hakuwa na pa kwenda: hakuna matanga, hakuna jirani wa kuja kuketi naye, hakuna mwimbo. Akachukua visahani vyake akaanza kurusha peke yake. "Kila kikapu nilisimama nikamwambia Mama jambo moja nililokuwa nimelipanga kumwambia nikirudi. Vikapu ni 18. Nilipofika cha mwisho maneno yalikuwa hayajaisha, nikaanza tena kikapu cha kwanza."

Waliokuwa mbele wakaondoka. Ilikuwa zamu yake kurusha, lakini hakurusha.

Basi nami nikamsimulia kile ambacho simu haikumwonyesha. Kwamba jeneza lilipokuwa likiteremshwa mvua ilianza, nyepesi, na wazee wakasema ni baraka. Kwamba mjomba wake, yule mkali, alilia kuliko wanawake. Kwamba wanafunzi wa zamani wa mama yake walikuja na basi zima kutoka Kakamega, watu wazima wenye mvi, wakaimba. Na kwamba ulipofika wakati wa watoto kutia udongo kaburini, dada yake alitia mara mbili. Mara ya kwanza akasema huu ni wangu. Mara ya pili akataja jina la kaka yake, kwa sauti, mbele ya ukoo mzima, na hakuna mzee aliyempinga.

Hilo hakuwa amelijua. Dada yake hakuwahi kumwambia. Labda naye alilitunza amwambie uso kwa uso, kama mimi. Alikaa chini kwenye nyasi, mkono ukiwa juu ya macho, nami nikasimama karibu naye kama tunavyosimama nyuma ya mtu anayerusha, bila neno. Mjukuu alirudi mbio kuuliza kwa nini tumekawia. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akaketi katikati yetu.

Baadaye tulimaliza vikapu vilivyobaki. Kuanzia hapo hadi cha 18 nilieleza kila kitu tangu mwanzo, aliyekuja na ambaye hakuja, chakula kilichopikwa, mbuzi aliyekatika kamba usiku wa matanga akawatia watu mbio. Sikumbuki nani alishinda siku hiyo.

Nimefikiri sana kwa nini maneno yalitoka pale na si mezani. Nadhani ni kwa sababu mezani watu hutazamana, na mwanamume anayetazamwa na baba yake huficha uso. Uwanjani mnatembea upande mmoja, macho mbele. Kuna kazi ya mikono. Kuna vipindi vya kunyamaza ambavyo ni kanuni ya mchezo, kwa hivyo kimya hakimwaibishi mtu. Na vizazi vitatu vinaweza kucheza pamoja bila aliye dhaifu kuwachelewesha wengine sana. Zamani baba na mwana walikuwa na shamba la kulima bega kwa bega, au ng'ombe wa kuchunga. Sisi wa mijini tuna sebule na simu.

Mwaka uliofuata, 2024, mvua kubwa za Machi hadi Mei zilipofurisha mito ya Nairobi na kuua watu Mathare na kwingineko, na waliokuwa wakiishi kando ya mito wakaamriwa kuhama na nyumba zao kubomolewa, nilizikumbuka zile ngazi tatu za saruji. Mto huidai njia yake, uwe Cedar au uwe Mathare. Lakini kule mwenye nyumba hulipwa kwanza, na sheria ikasema wazi kwamba pale alipoondoka hapatajengwa jumba la mtu mwingine. Watoto wa mji ndio waliorithi. Hapa kwetu swali la nani atarithi kingo za mito bado linahitaji kuulizwa kwa sauti, na wazazi ndio wenye kuliuliza.

Tukiwa tunangoja jibu, mchezo wenyewe haungoji. Nilikwenda kwa fundi wa jua kali, nikamchorea kwenye karatasi. Alitumia rimu ya baiskeli, vipande vya mnyororo wa zamani, bomba la chuma, na wavu wa waya chini kuwa kikapu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi karibu nasi aliniruhusu kukisimamisha uwanjani siku za Jumamosi. Usipokuwa na fundi, karai kuukuu lililoinuliwa juu ya kigingi linatosha. Usipokuwa na kisahani, kifuniko cha ndoo ya plastiki kitakwenda hatua ishirini vizuri. Chagua mahali pasipopitwa na watu, weka alama ya kuanzia, hesabu mirusho, na uwe mkali juu ya adabu: wote nyuma ya anayerusha.

Makaratasi ya mwanangu yalikamilika mwaka 2024, na Desemba hiyo akaja nyumbani na jamaa yake yote. Tulikwenda Vihiga. Tulikaa siku tatu, na mjomba wake ndiye aliyempeleka kaburini.

Jumamosi watoto wa mtaani huja shuleni wakiwa kumi, kumi na wawili. Siku za kwanza kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza, kwa vishindo na viwiko, kama wanaogombania matatu ya jioni. Nikawafundisha kanuni. Sasa kuna msichana mmoja wa miaka sita, mdogo kuliko wote, ambaye kisahani chake huanguka hatua chache tu mbele ya miguu yake. Wenzake wakishafika karibu na kikapu, husimama pale, wakamgeukia nyuma, wakamngoja arushe.